Mofini Tunaificha Kabatini, Tramado Tunaitafuna Kama Karanga

Nimeadimika kidogo hapa kibarazani kwangu. Huku Nyegezi tulikuwa na msiba, tumemzika shangazi yangu, kansa ya shingo ya kizazi. Sikuja kuandika tanzia. Nataka kuzungumzia chupa moja ndogo iliyokaa kabatini siku tisa bila kuguswa, maana mmoja wa walioificha ni mimi.

Ilikuwa mofini ya maji. Shangazi aliporuhusiwa hospitali alipewa na maelekezo: anywe kila baada ya saa 4. Kufika nyumbani, kikao cha ukoo kikaitishwa. Baba mdogo akasema hiyo ni dawa ya watu wa kufa. Mama akaogopa wifi yake asije akawa teja uzeeni. Na mimi mwandishi wa habari, msomi mzima, nikatikisa kichwa kukubali! Tukawa tunampa parasetamo tu. Usiku alikuwa anang'ata kanga ili majirani wasimsikie.

Siku ya kumi akaja nesi wa tiba shufaa. Hakugombana na mtu. Aliuliza swali moja tu: "Kati yenu, anayeumwa ni nani?" Kimya...

Halafu akatuelewesha. Mgonjwa wa kansa anayekunywa mofini kwa kipimo alichoandikiwa, kwa maumivu makali ya kweli, ni nadra sana kugeuka teja. Mwili unaizoea, ndiyo, lakini kuzoea dawa siyo uteja. Daktari akiongeza dozi, mara nyingi ni kwa sababu maumivu yameongezeka. Na ikitumika sawasawa haimharakishi mtu kaburini. Usiku ule shangazi alilala. Siku mbili baadaye akaomba ugali na sato. Tulipata naye wiki tatu za kuongea, na hata za kucheka. Zile siku tisa sitamrudishia kamwe.

Sasa geuza shilingi upande wa pili. Nina rafiki yangu, mbeba mizigo. Mgongo ulimsumbua, mtu akamwelekeza kwenye tramado. Anainunua dukani bila cheti, kama anavyonunua vocha. Alianza na kidonge kimoja, vikawa viwili, vikawa vinne, anashushia na pombe kali "ili mzigo uwe mwepesi". Siku moja akaanguka akitetemeka mwili mzima. Watu wakasema kifafa, wengine wakasema karogwa. Hakuna aliyetaja vidonge vilivyokuwa mfukoni!

Wengi hatujui kwamba tramado ni ukoo mmoja na mofini, na hata heroini. Ikizidi inaweza kuleta degedege. Ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi inaweza kusimamisha pumzi mtu akiwa amelala. Yaani ndugu zangu, tunamnyima dawa anayeihitaji, tunamwachia asiyejua kuitumia. Huu ndio ugomvi wangu wa leo.

Najua mtaniambia habari za Marekani. Kweli, mwaka 2021 peke yake dawa za ukoo huu, za hospitali na za mtaani, ziliua watu zaidi ya 80,000 kule. Ila hebu tazameni jirani zetu Uganda. Tangu 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji, dawa ya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani nalo lilishaiweka kwenye ngazi yake ya kutuliza maumivu ya kansa tangu 1986. Kwa hiyo tuiheshimu dawa, tusiikimbie na tusiichezee.

Kuiheshimu ni hivi. Pima kwa bomba la sindano au kipimo ulichopewa, siyo kijiko cha chai. Fuata saa, usingoje mgonjwa alie. Usiongeze wala usikatishe ghafla bila kumuuliza daktari. Ulizia dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana mofini inafunga tumbo kwelikweli. Pombe weka mbali, na dawa za usingizi usizitumie bila daktari kujua. Usimgawie jirani hata kama mgongo wake unakutia huruma; kipimo cha mtu mmoja kinaweza kumuua mwingine. Funga kabati kwa ufunguo, watoto wanaona soda kila mahali. Mgonjwa akilala fofofo haamki, akapumua polepole au midomo ikabadilika rangi, kimbiza hospitali. Ipo dawa ya kuokoa inaitwa naloksoni. Na ikibaki, irudishe hospitali.

Mnaona? Hakuna hata moja linalohitaji digrii. Sisi tuliosoma tunaongea sana mambo ya siasa na mpira, lakini kikao cha ukoo kikiamua juu ya dawa tunanyamaza kwa sababu wakubwa wameshasema. Nidhamu ni nzuri, ila kuna kunyamaza kunakomuumiza mtu. Mimi nilinyamaza siku tisa.

Je wewe, kwenye kikao kijacho, utanyanyua mkono?

Naomba kuwasilisha.