Daktari, ulipasua au ulitazama?

Huenda nyumbani kwako yumo daktari aliyerudi chuoni kusomea ubingwa. Anarejea usiku kutoka hospitalini, chakula kimepoa mezani, naye hata koti hajavua. Ameinamia simu, anabofya. Usimnunie. Pengine anajaza daftari lake la operesheni kabla usingizi haujamfutia kumbukumbu za siku.

Zamani daftari hilo lilikuwa kitabu cha karatasi. Aliandika tarehe, umri wa mgonjwa, aina ya operesheni na jina la daktari mkuu aliyemsimamia. Kitabu kiliweza kumwagikiwa chai au kusahauliwa ndani ya matatu. Kibaya zaidi, kiliweza kukaa kitupu miezi mitano kisha kikajazwa kwa usiku mmoja, mtihani ukibisha hodi. Nani angekumbuka ngiri iliyoshonwa Februari?

Sasa daftari limehamia kwenye simu na kompyuta. Chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka wa 1999 na chenye makao yake Arusha, huwafunza madaktari katika hospitali za nchi nyingi, Kenya ikiwemo, nao hutumia daftari la kielektroniki. Kwa wanafunzi waliotawanyika hivyo, ni rahisi walimu kuona nani anapata kazi na nani anashikishwa tochi tu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Daftari halitaki idadi peke yake. Lile la wapasuaji wa Uingereza, kwa mfano, humtaka mwanafunzi aseme alisaidia tu, au alipasua huku mwalimu amevaa glavu na kusimama naye mezani, au alipasua mwalimu akiwa karibu bila kutia mkono. Hayo ni mambo matatu tofauti kabisa, ingawa mgonjwa ni mmoja.

Lakini idadi ina vishawishi vyake. Marekani, anayesomea upasuaji wa jumla kwa miaka 5 hutakiwa kuonyesha operesheni kubwa 850, na 200 kati ya hizo ziwe za mwaka wake wa mwisho. Mtu anayekimbizwa na hesabu namna hiyo anaweza kushika ndoano ya kuvutia nyama saa mbili nzima, kisha akaandika kwamba yeye ndiye aliyepasua. Simu haimkanyi. Huandika inachoambiwa.

Anayeweza kumkanya ni yule mkuu anayethibitisha. Naye akiacha kazi hiyo hadi mwisho wa mwezi, atakuta operesheni arobaini zikimngoja, azipitishe zote kwa pamoja kama karani anayegonga mhuri. Mimi si daktari, lakini naona afadhali operesheni kumi zilizothibitishwa wiki ile ile kuliko mia zilizopitishwa kwa macho yaliyochoka.

Maana itafika siku kijana huyo atapelekwa hospitali ya mbali akiwa bingwa pekee. Saa nane za usiku ataletewa mama mjamzito anayevuja damu, na hakutakuwa na mwalimu wa kumgeukia. Aliyoyaandika bila kuyafanya hayatamsaidia mama huyo.

Nawe mwanafunzi, andika siku ile ile, na jina la mgonjwa usiliweke katika simu yako. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Wewe unayelazwa kesho, usione haya kuuliza: nani atanipasua, na mkuu wake atakuwa wapi?

Na wewe uliye nyumbani, mfunikie chakula chake. Dakika kumi hivi zitamtosha.