Mkenya Akikamatwa Marekani, Mzazi Ajulishwe

Kwa Mheshimiwa Musalia Mudavadi,
Mkuu wa Mawaziri na Waziri wa Mambo ya Nje na Masuala ya Wakenya Ughaibuni.

Mheshimiwa,

Swali ninalokuletea linaulizwa Kiminini, Kimilili, Webuye na mjini Bungoma: mtoto wetu akikamatwa na maafisa wa uhamiaji Marekani, sisi tutajuaje yuko wapi?

Juni 2025 maelfu waliandamana Los Angeles kupinga misako ya wahamiaji, na Rais Donald Trump akapeleka wanajeshi. Januari 2026 ikawa zamu ya Minneapolis, jimboni Minnesota, ambako Wakenya ni wengi. Maafisa wa serikali kuu waliwaua kwa risasi Renee Good na Alex Pretti, wote raia wa Marekani, na watu wakajaa barabarani katika baridi kali. Huku kwetu, mama mmoja jirani yangu alilala na simu kifuani kwa siku kadhaa akimtafuta mwanawe. Kumbe kijana alikuwa amejifungia ndani, hata kazini haendi. Karo ya mdogo wake ilikwama, lakini mama hakuitaja. Alitaka kusikia sauti tu.

Mfumo wa Marekani wa kumtafuta aliyezuiliwa upo mtandaoni, ila unadai nchi aliyozaliwa, pamoja na ama nambari yake ya uhamiaji au jina lake herufi kwa herufi kama lilivyoandikwa kule. Mzazi aliye Chwele atajuaje kama jina Wekesa liliandikwa mwanzo au mwisho? Na katika kesi za uhamiaji, kwa kawaida serikali ya Marekani haimlipii mtu wakili.

Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Mkenya lazima aombe mwenyewe. Mtanzania haombi, kwa kuwa nchi yake imo katika orodha ya zile ambazo Marekani hulazimika kuzijulisha. Kenya haimo. Mtu aliyetiwa pingu, anayeogopa kwamba ubalozi utamchongea, ni rahisi anyamaze, na akinyamaza hakuna wa kutupigia simu.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Kwanza, zungumzeni na Marekani ili Kenya nayo ijulishwe kwa lazima. Pili, wekeni dawati katika vituo vya Huduma vya Kitale na Bungoma, lenye afisa wa kuwasiliana na ubalozi wetu Washington na kumrudishia mzazi jibu. Tatu, utamke hadharani kwamba Mkenya asiye na karatasi ni Mkenya, na ubalozi utamhudumia bila kumuuliza aliingiaje. Zaidi ya nusu ya fedha za ughaibuni hutoka Marekani, na serikali huzipokea bila kuuliza viza ya aliyezituma.

Tuanzie nyumbani pia. Kuanzia maandamano ya hapa Kenya ya Juni 2024 hadi Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu visa 82 vya utekaji nyara. Wazazi walizunguka vituo vya polisi wakiuliza swali lile lile tunalouliza leo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu, aongee na wakili na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kenya ikikiheshimu kifungu hicho hapa, itakuwa na mdomo wa kudai haki Washington.

Tunasubiri jibu lako, Mheshimiwa, na tunalitaka hadharani.

Wako katika kulijenga taifa,
Mkazi wa Kitale