Kabonyeza kukubali, lakini kakubali nini?

Ukimya wangu ulikuwa wa mitihani tu. Leo nina dukuduku na hii kazi ambayo wengi wetu tunaosoma kompyuta hapa Mbeya tunaifanya bila kuitafakari: kutengeneza mashine za watu kwa mbali.

Simu inaita, ni mwenye steshenari kule Igawa. "Dogo, printa imegoma na watu wamejaa!" Kumfuata ni nauli na siku nzima, hivyo unamwambia afungue AnyDesk, akusomee namba, abonyeze kukubali. Dakika mbili uko ndani. Safi. Ila kakubali nini hasa?

Kiukweli kakubali printa itengenezwe, basi. Hajakubali upekue picha zake, wala uweke neno la siri la kukuingiza siku yoyote yeye akiwa shambani kwenye mpunga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haikatazi tu kuingia kwenye kompyuta isivyo halali. Inakataza pia kubaki ndani baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Ruhusa ya asubuhi haikufikishi jioni.

Halafu kuna kubwa zaidi. Ile mashine imebeba vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na fomu za madogo wanaoomba mkopo HESLB. Hao hawakubonyeza kitu! Na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwenye duka anaweza kuturuhusu kwenye printa yake, siyo kutugawia siri za wateja.

Najua mtasema bando linakata, hakuna muda wa mahubiri. Jamani, ni nusu dakika! Mweleze utakachogusa. Afunge mafaili ya wateja. Akae hapo hapo auangalie mshale unavyotembea, na akiona asichokielewa akate. Quick Assist ya Windows yenyewe inatenganisha: kuonyesha skrini ni ruhusa moja, kukuachia uendeshe mashine ni nyingine. Ukimaliza, toka.

Tena matapeli wanaojifanya mafundi wanatumia programu hizi hizi. Mtu aliyezoea kuulizwa ndiye atakayeshtuka siku asipoulizwa. Sisi tukimzoesha kubonyeza tu, tunamlainishia tapeli njia.

Nawasilisha. Mnaobisha, uwanja ni wenu.