Mwenye PCB kutoka Endulen aombe udaktari sasa

Mhitimu wa kidato cha sita kutoka Endulen, Ngorongoro, mwenye alama nzuri za PCB (fizikia, kemia na baiolojia) aombe shahada ya udaktari moja kwa moja. Nchini Marekani kijana kwa kawaida husoma shahada ya kwanza miaka 4, kisha udaktari miaka 4 mingine, ndiyo maana programu zinazounganisha hizo mbili hugombewa. Kwetu Tanzania, vyuo vya Muhimbili, Bugando na KCMC humchukua kutoka sekondari: miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini.

Wapo wanaoshauri aanze na stashahada ya utabibu, miaka 3, apate mshahara mapema. Kwa familia inayouza ng'ombe kulipa ada hoja hiyo ni nzito, maana mkopo wa serikali haumfikii kila mwombaji. Na kwa aliyeishia kidato cha nne naikubali kabisa. Lakini huyu ameshamaliza miaka 2 ya ziada. Akirudi nyuma, safari inarefuka, na Endulen haiwezi kungoja: mjamzito akihitaji msaada usiopatikana katika hospitali ya misheni, gari hupanda ukingo wa kreta, hushuka hadi lango la Loduare, ndipo liingie Karatu. Daktari anayemhoji mgonjwa huyo kwa Kimaasai anatakiwa palepale.