Uvira: gari la kizamani si kosa, mwenyewe aandikishiwe

Ukielekea mpaka wa Kavimvira na gari la miaka 30, swali la kwanza la kizuizini si breki. Ni karatasi. Carte rose iko wapi? Bima? Vinyeti? Cheti cha ukaguzi? Mwenye gari ameisha kujua kwamba jibu lolote atakalotoa litakuwa na bei.

Uvira inaishi kwa magari ya namna hiyo. Hiace za Sange na Luvungi, Land Cruiser za kwenda Fizi, malori yanayoshuka Kalundu kuchukua mizigo ya meli. Mengine yalipita Kigoma, usukani ukiwa kuume, mengine yaliingilia Bujumbura. Yapo yaliyoandikishwa nchi ingali inaitwa Zaïre, jina lililofutwa mwaka 1997. Toka hapo gari limeuzwa mara tatu, mara nne, kwa karatasi ya mkono mbele ya mashahidi wawili, na carte rose imebaki kwa jina la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Huko Ufaransa, gari lililopita miaka 30 linaweza kuombewa carte grise ya pekee ya magari ya kumbukumbu. Ujerumani plake yake humalizika kwa herufi H. Mwenyewe hulitoa siku ya mungu, analipangusa, analitembeza. Gari la umri huohuo hapa kwetu linabeba samaki, makala na wagonjwa, na Desemba 2025, vita ilipoingia mjini, lilibeba watoto na magodoro. Kule uzee wa gari unalipa heshima. Hapa umekuwa kisingizio cha kumkamua shofa.

Kuna wanaoitaja amri ya Kinshasa ya mwaka 2012 juu ya magari yaliyopita miaka 10. Amri hiyo ilihusu kuyaingiza nchini. Haikusema kwamba Hiace iliyo Uvira tangu miaka ya 1990 ni haramu. Anayemtishia nayo shofa barabarani anadanganya, ao hajaisoma.

Wengine watajibu kwamba magari haya yanaua watu. Kweli, yapo yasiyofaa kupita hata Mulongwe. Basi yakaguliwe! Fundi alale chini ya gari, atazame breki, usukani na matairi, na bovu likatazwe hata kama karatasi zake zote ni mpya. Lakini vizuizi vyetu havipimi breki. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu karibu vizuizi 800 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, na kichwa cha ripoti yao kilisema kwamba kila kinachotembea kitatozwa. Pesa hiyo yote, ni barabara gani imetengeneza? Anayepita barabara ya taifa nambari 5 wakati wa mvua analo jibu.

Na sasa kuna jambo zito zaidi. Bukavu ilipoanguka Februari 2025, familia nyingi ziliteremka bonde la Ruzizi, na nyingine zikavuka hadi Rugombo, Burundi. Wapo waliokimbia na gari bila karatasi, na wapo waliokimbia na karatasi bila gari. Aliyeandikisha gari lake Bukavu hawezi kurudi kirahisi kuomba nakala. Mjane ambaye carte rose ina jina la marehemu atamwambia nini mtu aliyelikuta gari uani na kudai ni lake? Kwa familia kama hiyo, gari hilo bovu ndilo shamba, ndilo duka, ndiyo pesa ya masomo.

Plake hufunguliwa kwa bisibisi. Namba ya shasi imepigwa kwenye chuma, nayo inapita vita na wauzaji wote. Kwa hiyo wakuu wa kodi na wa usafirishaji hawana sababu ya kumrudisha mtu nyumbani eti karatasi ya kwanza imepotea. Namba ya shasi, karatasi ya mauzo, na ushuhuda wa mkuu wa kata na majirani vitoshe kufungua faili jipya. Dirisha liwe moja, hapahapa Uvira, na bei yake ibandikwe ukutani kwa franka ili kila mtu aisome kabla hajatoa pesa. Waliohama wapewe miezi ya kutosha bila faini, kwa sababu hakuna aliyechagua siku ya kukimbia.

Wakati hilo likisubiriwa, walio Uvira na walio ng'ambo ya Ruzizi wasikae bure. Karatasi nyembamba juu ya namba ya shasi, kisha kuisugua kwa penseli: namba yote itatokea. Carte rose, hata iliyochanika, ipigwe picha na itumwe kwa ndugu wawili wanaokaa mahali mbalimbali. Mashahidi wa mauzo waandike majina yao sasa, wangali hai na wangali wanakumbuka bei.