Linux ya bure, lakini fundi halipwi kwa asante

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kwa mwenye steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, habari hiyo ina maana moja tu. Kompyuta ya mtumba aliyoinunua kwa fedha yake bado inawaka, bado inachapa barua na kutoa kopi, lakini chipu yake ni ya zamani mno kupokea Windows 11 kwa utaratibu uliowekwa na kampuni hiyo. Mwenye mali anaambiwa mali yake imezeeka ilhali haijaharibika.

Mafundi wa mitaani wana jibu lao la siku nyingi, nalo ni kupiga Windows nyingine kutoka kwenye flashi, nakala isiyo na leseni. Bei inayotajwa ni ya kazi ya mikono, wala hakuna anayeuliza habari ya hakimiliki, ingawa sheria ya hakimiliki na hakishiriki ipo tangu mwaka 1999. Jibu la pili halisikiki sana vibarazani. Ni kuweka Linux, mfumo endeshi ambao matoleo yake mengi hutolewa bila malipo na ambao hukubali kompyuta kuukuu bila manung'uniko.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini huanza kushuku, na ana haki ya kushuku. Kitu cha kampuni, kinachouzwa kwa mabenki na makampuni ya simu duniani kote, kinawezaje kugawiwa bure kwa mwenye duka la Soweto? Ama ni kibovu, ama kuna ndoana ndani ya chambo.

Ukweli ni kwamba hakuna ubovu. Ndoana ipo, lakini haipo pale watu wanapoitafuta.

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Leseni yake inampa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuinakili, kuibadili na hata kuiuza, mradi naye asimfiche mnunuzi wake maandishi asilia ya programu. Mkulima wa Ismani ataelewa jambo hili upesi kuliko mhasibu. Kuna mbegu ya asili ambayo mtu huchagua magunzi mazuri, akaanika darini na kumgawia jirani, na kuna mbegu chotara ambayo ukiirudia msimu wa pili mavuno yanapungua, kwa hiyo lazima urudi dukani kila mwaka. Linux ni ya aina ya kwanza. Makampuni yaliyoingia katika biashara hiyo yalijua tangu mwanzo kwamba mbegu yenyewe haiuziki kwa muda mrefu. Yakaamua kuuza huduma ya bwana shamba.

Kampuni ya Red Hat ya Marekani ndiyo mfano mkubwa. Ilianza mwaka 1993 kwa kuuza diski madukani. Mwaka 2003 ilitangaza kuachana na toleo lake la kawaida na kuelekeza nguvu kwenye toleo la makampuni, ambalo mteja hulilipia kwa mwaka ili apate masahihisho na mtu wa kumwuliza. Kwa kuwa maandishi asilia yalikuwa wazi, watu wengine waliyachukua, wakafuta nembo ya Red Hat na kutoa mfumo ule ule bure kwa jina la CentOS kuanzia mwaka 2004. Miaka ikapita, watu wakazoea. Mwaka 2014 Red Hat yenyewe ikaichukua CentOS chini ya mbawa zake, na mwaka 2019 IBM ikainunua Red Hat kwa dola bilioni 34 hivi.

Desemba 2020 likaja tangazo. CentOS 8, ambayo watumiaji waliahidiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029, ingekoma mwishoni mwa mwaka 2021. Chuo au SACCOS iliyokuwa imeweka hesabu za wanachama wake humo ilipewa mwaka mmoja wa kuhama. Mwezi Januari 2021, baada ya kelele nyingi, kampuni ikatoa ruhusa kwa mtu binafsi kutumia toleo lake la kibiashara bila malipo katika mashine zisizozidi 16. Wapo walioliita tendo hilo ukarimu. Kwa lugha ya sokoni ni bei ya sifuri kwa mteja mdogo, ili akikua asiende kwa mwingine. Si kosa, ila asidanganyike mtu kwamba amepewa zawadi ya Idi. Wengine hawakungoja, walianzisha Rocky Linux na AlmaLinux, ambazo hadi leo ni bure.

Wakazi wa nyanda hizi wanakijua kitu kinachoitwa nafuu inayoondolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi ikaisha, na mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, iliyokuwa ikilisha nchi kwa mahindi, ndiyo iliyoumia. Ardhi ilikuwa ile ile na jembe lile lile. Kilichokuwa kimebadilika ni uamuzi uliofanyika mbali na shamba. Tofauti ni kwamba mkulima hakuwa na uwezo wa kujitengenezea mbolea ya chumvichumvi, ilhali mwenye Linux anaweza kubaki na nakala yake na kumtafuta mtu mwingine wa kumhudumia. Haki hiyo ya kubadili mhudumu ndiyo yenye thamani, kuliko bei ya sifuri inayosifiwa sana.

Kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikwenda mbali zaidi. Ilitengeneza toleo la Ubuntu, neno ambalo kwa Kiswahili ni utu, na kwa miaka kadhaa ikawa inatuma diski kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, na gharama ya kutuma ikalipwa na kampuni. Kwa mtu wa Mbeya wa wakati ule huo haukuwa mchezo. Diski moja hubeba megabaiti 650 hivi. Kuivuta kwa modemu ya simu ya mezani, hata kama laini isingekatika kamwe, kungechukua zaidi ya saa 25, na bili ya simu ingetosha kununua mbuzi. Mpango huo ulifungwa mwaka 2011. Kebo ya Seacom ilikuwa imeshafika pwani mwaka 2009, na baadaye mkongo wa taifa ukapunguza machungu kwa mikoa ya bara. Leo bando ya usiku inatosha.

Tanzania nayo ilijaribu mkono wake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden kwa msaada wa Sida, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, bure. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini tafsiri ya programu ni kama kupaka nyumba chokaa: kila toleo jipya linapotoka lazima mtu arudie, na mtu huyo naye ale. Fedha za mfadhili huwa na tarehe ya mwisho; programu haina.

Huko ndiko ndoana iliko. Kinachogharimu ni mtu wa kuitwa saa nne asubuhi wakati mashine imekataa kuchapa na foleni ya wanafunzi imefika barabarani. Mwenye duka anayehamia Linux atakuta printa nyingi za HP zinakubali bila taabu kwa kuwa kampuni hiyo hutoa programu zake, na baadhi ya aina nyingine zinagoma. Atakuta pia kwamba Tally, ambayo wahasibu wengi wameizoea, imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwa upande mwingine, zabuni za serikali sasa hupita katika mfumo wa NeST, ambao hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti, na kivinjari hakijali kilichoko chini yake. Kwa hiyo steshenari na shule zinaweza kuhama leo. Mhasibu mwenye Tally abaki alipo kwanza.

Mafundi wangeweza kupatikana. Chuo Kikuu cha Tumaini mjini Iringa, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu, Finland, nchi ile ile alikotoka Torvalds, na mtaala wake ulilenga mazingira ya hapa hapa. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichokuwa chuo cha ufundi kabla ya kupandishwa. Vijana wanatoka huko na vyeti, wengi wakiwaza kupanda basi la Dar es Salaam, wakati barabara kuu kutoka Ipogolo hadi Tunduma imejaa maduka, zahanati na shule ambazo hazina wa kuzitazamia kompyuta zao.

Mwenye duka aliyezoea kulipa mara moja, kwa kupigiwa Windows, hajazoea kulipa kila mwezi kwa mashine ambayo haijaharibika. Fundi naye anapata zaidi mashine ikirudi imejaa virusi. Microsoft imeruhusu wenye Windows 10 wanaojiandikisha kuendelea kupokea masahihisho hadi Oktoba 2026, na hadi hapo wengi wa Kabwe na Mashine Tatu watangoja.