Vijana Wetu na Mtihani wa Kazi za Serikali

Kila mara Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotoa majina ya walioitwa kwenye usaili, nyumba nyingi za Waislamu hapa Tanzania huingiwa na furaha na hofu kwa pamoja. Kijana aliyemaliza chuo hutakiwa kwanza kufanya mtihani wa mchujo, ambao ni wa kuandika, na akifaulu huitwa mbele ya jopo kwa mahojiano. Huko huulizwa habari za kazi aliyosomea, na pengine huulizwa mambo ya nchi: kodi, afya, elimu, mikopo na hali ya wanyonge. Hapa ndipo wengi hujikwaa, wala si kwa upungufu wa akili, bali kwa kuwa wameyakariri majibu ya watu wengine katika karatasi zinazozungushwa kwenye simu, nao wenyewe hawakupata kuyafikiri hata usiku mmoja.

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wazazi na vijana juu ya jambo hili, kwani si la kijana peke yake. Atakayekaa katika ofisi ya Serikali amebeba amana ya watu wote, Waislamu na wasio Waislamu, na amana hiyo haichukuliwi kwa kukariri.

Na tukumbuke kwamba elimu ya mipango ya uchumi si ngeni katika dini yetu. Kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) twakisoma sote. Mfalme wa Misri alipoota ndoto yake, Yusuf hakuishia kuieleza maana tu, bali alitoa na mpango: walime miaka saba, wayaache mavuno katika masuke yake ila kidogo cha kula, kisha waitumie akiba hiyo katika miaka saba ya ukame. Alipoomba kuwekwa juu ya hazina za nchi alitaja sifa mbili, kwamba yeye ni mlinzi mwaminifu na kwamba ni mjuzi. Mwaminifu asiyejua ataipoteza akiba kwa ujinga, na mjuzi asiye mwaminifu ataila. Mtihani wa kazi waweza kuupima ujuzi. Uaminifu hupimwa zaidi nyumbani, tena tangu utotoni.

Sasa kijana ajifunzeje mijadala ya siasa za uchumi? Twaona hapana mfano ulio bora kuliko shauri la Sayyidna Umar (r.a.) juu ya ardhi ya Sawad katika Iraq. Ardhi hiyo yenye rutuba ilipoingia mikononi mwa Waislamu, baadhi ya masahaba, miongoni mwao Bilal na Zubeir (r.a.), walitaka igawanywe kwa wapiganaji, na hoja yao ilikuwa na nguvu, kwani Khaibar iligawanywa. Umar aliona vingine. Akauliza, kama ardhi yote itagawanywa leo, watakaozaliwa kesho watapata nini, na askari wa mipakani watalipwa kutoka wapi? Akataka iachwe kwa wakulima wake, nao walipe kharaji ya kuwafaa watu wote. Hakulipitisha shauri lake kwa nguvu ya ukhalifa. Aliwashauri Muhajirina, nao wakakhitalifiana. Akawaita watu kumi wa Ansari, watano wa Aus na watano wa Khazraj. Akaleta dalili yake katika Sura ya Hashri. Na walipokubaliana akamtuma Uthman bin Hunaif akaipime ardhi.

Basi kijana na atazame mambo manne yaliyomo humo, nayo yatamfaa katika kila swali. Kwanza, ni haki ya nani inayozungumzwa? Pili, gharama itachukuliwa na nani? Tatu, mwenye rai tofauti ana dalili gani? Nne, baada ya kukubaliana, nani atakwenda kuipima ardhi, yaani kazi itatendwaje? Karatasi nyingi za maswali na majibu hukomea kwenye lile la kwanza.

Tuchukue mjadala mmoja wa siku zetu, nao ni wa bima ya afya kwa wote. Mwaka 1993 Serikali ya Tanzania ilianza kuwataka wananchi wachangie gharama za matibabu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza na watumishi wa Serikali, na mwaka 2001 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii kwa ajili ya watu wa vijijini. Hata hivyo wananchi walio wengi walibaki nje ya bima, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Wanaoiunga mkono husema kwamba maradhi hayangoji mtu apate fedha, na kwamba familia huuza ng'ombe na shamba kumtibu mmoja, kisha wote wakabaki mafukara. Wenye wasiwasi husema kwamba mkulima na mchuuzi hawana mshahara wa kukatwa kila mwezi, na kwamba kadi haina faida mahali ambapo zahanati haina dawa. Pande zote mbili zasema kweli, na kijana asidhani kwamba ni lazima amtukane mmoja ili amsifu mwingine.

Tena ajue jinsi mfuko unavyofanya kazi. Bima husimama kwa wazima wengi kuwachangia wagonjwa wachache. Watu wakingoja kuugua ndipo wajiandikishe, mfuko hutoa kuliko unavyopokea. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa ulisitisha kumwandikisha mtoto mmoja mmoja kwa kadi ya shilingi 50,400, ukataka watoto waandikishwe kupitia familia au shule, kwa sababu hiyo hiyo. Wazazi wengi walihuzunika, na huzuni yao yaeleweka. Lakini atakayeulizwa swali hili na asiijue sababu ya mfuko atakuwa amejibu nusu tu. Na atakayeijua sababu ya mfuko akausahau uchungu wa mama mwenye mtoto mgonjwa, huyo pia amejibu nusu.

Wako wanaouliza kama bima ni halali. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, lilitenga baina ya bima ya biashara, ambayo lililikataa sharti lake kwa sababu ya gharari, na bima ya kusaidiana, ambayo lililiona kuwa yapatana na sharia. Kijana na alijue tofauti hilo, na katika mambo ya nafsi yake awaulize masheikh wake.

Mjadala wa pili twautaja kwa ufupi. Sheria ya mwaka 2018 yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, na 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Sisi Waislamu twapaswa kuwa wa kwanza kufurahi kwa mkopo usio na riba. Lakini ripoti za Mkaguzi Mkuu zilionyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi vya hewa, hata mwaka 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa, na mwaka 2024 ikaanza tena kwa utaratibu mwingine. Hapa kuna funzo lisilotufurahisha. Kuondoka kwa riba hakuondoi deni. Mtume wetu (s.a.w.) aliwahi kujizuia kumswalia maiti aliyekuwa na deni, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni hilo. Asiyelipa mkopo wa halmashauri amemla jirani yake aliyekuwa akingoja zamu.

Twawashauri wenye nyumba watenge muda baina ya Magharibi na Isha, hata siku tatu kwa juma. Kijana asome habari moja katika hotuba ya bajeti au katika sheria yenyewe, si katika uvumi. Kisha ailete mbele ya wazee wake. Yeye atetee upande mmoja, baba au mama atetee wa pili, kisha wabadilishane. Mama anayeuza maandazi ajua habari za kodi na bei ya unga kuliko vitabu vingi, na kijana atakayemsikiliza atakuwa na la kusema mbele ya jopo.

Yako mambo mawili ambayo hatuwezi kuyanyamazia. La kwanza ni wazazi wanaotafuta fedha za kumpa mtu anayedai kuwa na mtihani mkononi au kuwa na jamaa katika jopo. Mtoaji wa rushwa na mpokeaji wote wawili wamelaaniwa na Mtume (s.a.w.). Na hata huyo mtu akiwa mwongo, nia imekwisha kuharibika; na akiwa mkweli, mshahara wa kila mwezi utaingia nyumbani mwenu na haki ya mtoto wa masikini mwingine.

La pili ni mabinti zetu. Binti amesoma uuguzi au ualimu, ameitwa Dodoma kwenye usaili, na baba amesema hapana, safari ni ndefu. Twaiheshimu hadhari ya baba, nayo ina asili katika dini. Lakini yatupasa kuuliza: si sisi tunaolalamika kwamba wake zetu wakienda kujifungua hawapati mkunga mwanamke? Atatoka wapi, kama kila baba atamzuia wake? Kaka au mjomba na afuatane naye, na nauli ya watu wawili ianze kuwekwa tangu siku binti anapotuma maombi, maana wito ukishatoka siku huwa chache. Aliyemsomesha mtoto miaka 16 asishindwe na safari ya siku mbili.

Na asiyefaulu asionewe haya. Nafasi ni chache na wanaoziomba ni wengi, na riziki haikuumbwa katika ofisi za Serikali peke yake. Alichojifunza juu ya haki, gharama na amana kitamfaa akiwa dukani, shambani au katika kamati ya msikiti. Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya heri, awape elimu yenye manufaa, na awajaalie waaminifu katika kila watakachokabidhiwa. Amin.